Kiinua Mgongo Kilichoishia Kwenye Kifurushi: Kisa cha Mwalimu wa Tanga na Kampuni ya Kuchapisha Vitabu

Kisa hiki ni cha mwalimu mstaafu wa Tanga mjini. Ameniruhusu nikieleze chote, pamoja na mkataba na hesabu zake, ila jina lake na jina la kampuni tumekubaliana kuyaacha. Mpango uliomkuta utakutana nao hata kwa kampuni yenye jina jingine, na mpango huo ndio ninaotaka mwandishi mpya auone kabla hajatoa hela yake.

Mswada wake ni kumbukumbu za utoto katika kambi ya shamba la mkonge. Wazazi wake waliletwa huku wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, baba akikata mkonge kwa kipande, mama akianika nyuzi zilizotoka korona, mashine ya kuchambua majani ya mkonge. Mkonge uliingia pwani hii mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipouleta Kikogwe, Pangani, na tangu hapo zimeandikwa ripoti nyingi za tani na bei. Walioandika habari za watoto wa kambini kwa Kiswahili ni wachache mno. Mwalimu aliandika habari za jikoni, za ngoma za usiku wa mshahara, za shule iliyokuwa na darasa moja, na namna watu wazima walivyonong'ona mashamba yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967. Ni maneno kama 41,000. Kazi yangu ni uhariri, nami nimeusoma mswada wote. Ni kazi inayostahili kuwa kwenye rafu ya kila shule ya mkoa huu, na ndiyo maana yaliyoupata yananiuma.

Aliupeleka kwanza kwa wachapishaji wawili wa kawaida, wale wanaogharamia kitabu wao wenyewe kisha wakamlipa mwandishi mrabaha, yaani fungu lake katika mauzo. Mmoja hakujibu. Wa pili alijibu baada ya miezi mingi kwamba kwa sasa wanashughulika na vitabu vya shule tu. Hapo ndipo alipoona tangazo kwenye simu: chapisha kitabu chako ndani ya siku 90. Akatuma mswada usiku, na asubuhi yake akajibiwa.

"Mama yangu, riwaya yako imetugusa sana. Tanga ilimtoa Shaaban Robert, sasa inakutoa wewe."

Anayeifahamu Tanga anajua uzito wa maneno hayo. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909, hapa hapa jirani na mji, na hakuna mwalimu wa Kiswahili wa Tanga ambaye hajasimama darasani na jina hilo mdomoni. Mwalimu aliniambia, "Mwanangu, ule ujumbe nilimsomea mjukuu, nikamsomea na jirani." Lakini utazame vizuri. Mswada ule si riwaya. Ukurasa wa kwanza tu unasema ni kumbukumbu. Aliyeandika kwamba umemgusa hakuwa ameufungua.

Nasisitiza hapa kwa sababu kisa kizima kinaanzia hapa. Mchapishaji anayetoa hela yake mfukoni huogopa. Anasoma, anasitasita, anauliza nani atanunua, na mara nyingi anasema hapana, kwa kuwa kitabu kisipouzwa hasara ni yake. Kampuni inayolipwa na mwandishi haina hofu hiyo. Mswada mzuri na mswada mbovu huiingizia kiasi kile kile, nayo hukipata siku ya malipo, kabla kitabu hakijaonekana. Ukishaelewa hela ya kampuni inatoka kwa nani, hutashangaa kwa nini jibu lilikuja asubuhi, wala kwa nini sifa zilikuwa nyingi hivyo.

Mkataba wa kurasa sita

Vifurushi vilikuwa vitatu: Shaba, Fedha na Dhahabu. Mwalimu alichukua Dhahabu kwa shilingi 4,200,000, sehemu ya kiinua mgongo chake. Kwenye tangazo, kifurushi hicho kilikuwa na uhariri, usanifu wa kurasa, jalada, ISBN, "hakimiliki", nakala 300, kuwekwa Amazon, usambazaji nchi nzima, na "kuingizwa mashuleni". Alilipa yote kwa mkupuo, kwa simu, kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la mtu binafsi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakupewa, alitumiwa picha ya karatasi yenye mhuri. Baadaye tulipoangalia kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa Serikali unaosajili biashara, tulikuta kwamba ile iliyojiita kampuni ni jina la biashara la mtu mmoja. Jina la biashara si kosa, wengi wanaanzia hapo, ila maana yake ni kwamba ukitaka kudai unamdai mtu huyo mmoja, na ni vizuri ulijue hilo kabla ya kulipa. Kuangalia BRELA ni kazi ya dakika chache kwa simu.

Mkataba aliletewa baada ya kulipa. Alisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, akatia saini. Mimi nilipoupata niliusoma kwa kalamu mkononi, na haya ndiyo niliyoyakuta katikati.

Kifungu cha haki kilisema kwamba mwandishi anaipa kampuni haki ya kipekee ya kuchapa, kutafsiri, kusambaza na kuuza kazi hiyo kwa kila umbo na kila lugha kwa miaka 10. Mwandishi ndiye aliyelipa gharama yote, kisha akazuiwa kuchapa kitabu chake mwenyewe kwa mtu mwingine kwa miaka 10. Mchapishaji wa kawaida naye huomba haki ya kipekee, lakini yeye ametoa mtaji wake, ana cha kulinda. Hapa mtaji ulikuwa wa Mwalimu, na kinga ikawa ya kampuni.

Kifungu kingine kilisema kwamba faili zote za kazi, za kurasa na za jalada, ni mali ya kampuni. Waandishi wapya hupita juu juu hapa, wakidhani faili ni mambo ya mafundi. Faili ndilo kitabu. Asiyekuwa nalo atalipia usanifu upya kila akibadilisha mchapaji, yaani mwenye mtambo wa kuchapa, na hata kosa moja la tahajia hawezi kulirekebisha bila kuomba ruhusa.

Halafu kulikuwa na lile la "hakimiliki" ndani ya kifurushi. Kijana wa kampuni alimweleza kwamba ISBN ndiyo hakimiliki, na kwamba kitabu kisicho nayo kinaweza kuibwa na yeyote. Si kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapotungwa, bila kungoja usajili, na ulinzi huo unaendelea katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kusajili kwa COSOTA, ofisi ya Serikali ya hakimiliki, ni jambo jema, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi, lakini haki yako ilikuwepo tangu ulipoandika. ISBN ni namba ya kukitambulisha kitabu sokoni na maktabani. Ina tarakimu 13, nyingi za Tanzania huanza na 978-9976 au 978-9987, na huku kwetu hutolewa kupitia Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Ndani ya namba hiyo mna sehemu inayomtambulisha mchapishaji. Namba iliyo mgongoni mwa kitabu cha Mwalimu ilikuwa ya kampuni, kwa hiyo kwenye kumbukumbu mchapishaji ni kampuni. Mwalimu anatajwa kama mtunzi tu wa kitabu alichokigharamia kuanzia herufi ya kwanza hadi gundi.

Mwandishi anaweza kujiombea ISBN mwenyewe. Mtu akikwambia kwamba gharama fulani ni ada ya Serikali, mwombe kumbukumbu namba ya malipo uilipie kwa mkono wako. Ada ya Serikali hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi.

Amazon nayo. Kwenye mchanganuo aliotumiwa baadaye, "kuweka Amazon" kulihesabiwa shilingi 350,000. Huduma ya Amazon ya kujichapishia, Kindle Direct Publishing, iliyoanza mwaka 2007, haimtozi mwandishi hela ya kuweka kitabu. Anayekufanyia kazi ya kukiandaa na kukipandisha anaweza kudai ujira wake, hilo ni haki. Kumwambia mama wa watu kwamba Amazon ndiyo inayodai ni jambo lingine. Na akaunti ilifunguliwa kwa jina la kampuni, hivyo hata kikinunuliwa huko, hela inaingia kwao kwanza.

Hesabu ambayo haikufanywa

Hapa nitakaa kidogo, maana waandishi wengi tunaogopa namba, na kampuni za aina hii zinaishi kwa hofu hiyo.

Nakala 300 za tangazo, ndani ya mkataba ziligawanywa: 100 za mwandishi, 200 "za soko", zibaki kwa kampuni. Bei iliyochapwa kwenye jalada ni shilingi 12,000. Kampuni ndiyo iliyoipanga.

Duka la vitabu walilokuwa wanashirikiana nalo lilikata asilimia 35 ya bei ya jalada. Si ajabu, duka lina pango na wafanyakazi. Kwa hiyo kila nakala ikiuzwa dukani, kampuni inapokea 7,800. Mkataba unasema mrabaha wa mwandishi ni asilimia 15 ya "mapato halisi", yaani baada ya kutoa gharama za uchapaji, usafirishaji, matangazo na utawala. Gharama hizo Mwalimu alikwisha kuzilipa kwenye kifurushi, na bado zinakatwa tena, bila kikomo kilichoandikwa. Lakini tuseme kampuni ina huruma na haikati chochote. Asilimia 15 ya 7,800 ni shilingi 1,170.

Sasa chukua 4,200,000 ugawe kwa 1,170. Ili Mwalimu arudishe hela yake kwa mrabaha peke yake, ziuzwe nakala 3,590. Zilizochapwa ni 300, za soko 200.

Tufanye hesabu ya neema, kila kitu kiuzwe hadi nakala ya mwisho. Zake 100 auze mkononi kwa 12,000 apate 1,200,000. Za soko 200 zimpe 1,170 kila moja, jumla 234,000. Pamoja ni 1,434,000. Amepoteza 2,766,000 siku kitabu kilipofanikiwa kabisa. Mkataba ulimwandikia hasara kabla hajapata msomaji hata mmoja, na hakuna bidii ya kuuza ambayo ingeuokoa.

Nilipomwonyesha hesabu hii hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe mnunuzi nilikuwa mimi." Ndivyo.

Akitaka nakala zaidi, mkataba ulimpa "bei ya mwandishi", shilingi 9,000. Linasikika kama punguzo. Akizipeleka dukani kwa mali kauli, duka litamrudishia 7,800, apoteze 1,200 kila nakala. Na bei hiyo ya 9,000 ilipanda kwa sababu ya kurasa. Maneno 41,000 kwa ukubwa wa A5 na herufi za kawaida hukaa vizuri kwenye kurasa 160 hivi. Kitabu chake kilitoka na kurasa 224. Herufi zilikuzwa, mistari ikaachanishwa, kila sura ikatanguliwa na ukurasa mtupu. Ukiuliza utaambiwa ni kwa ajili ya kumrahisishia msomaji. Mkataba ulihesabu bei ya nakala kwa idadi ya kurasa.

Wala usidhani ni ushamba wa Tanga, au uchanga wa soko la Tanzania. Uingereza, mwaka 2022, chama cha waandishi wa vitabu na kile cha waandishi wa maigizo na filamu vilitoa ripoti ya pamoja juu ya kampuni zinazomlipisha mwandishi. Asilimia 94 ya waandishi waliojibu walikuwa wamepoteza hela, na hasara ya wastani ilikuwa pauni 1,861. Hao wana maduka ya vitabu kila mji na wanasheria wa chama.

Kulipia kitabu chako mwenyewe si aibu, na sitaki mtu aelewe hivyo. Wachapishaji wetu ni wachache, mitaji yao midogo, na mashairi au kumbukumbu hazina soko la uhakika kama kitabu cha darasa la nne. Mwandishi akiamua kuwa mchapishaji wa kazi yake, namuunga mkono kwa moyo wote. Ila mchapishaji ndiye anayemiliki ISBN, faili, haki na shehena, na ndiye anayeamua bei. Mwalimu alibeba gharama zote za mchapishaji, akapewa mamlaka ya mteja.

Mzigo uliofika Kange

Zilipita siku 90 za mkataba, ukapita na mwezi mwingine na mwingine. Kisha akapigiwa simu aende stendi ya Kange, kuna mzigo kwenye basi la Dar es Salaam. Gharama ya mzigo alipe yeye.

Jalada lilikuwa na picha ya shamba la mananasi. Ndiyo, mananasi. Majani ya nanasi na ya mkonge yanafanana kwa mtu asiyeyajua, lakini aliyekulia kambini, aliyechomwa miguu na ncha ya mkonge, hawezi kuvumilia. Hakuwahi kuonyeshwa jalada kabla ya kuchapwa. Mkataba haukuwa na neno lolote juu ya mwandishi kupitisha prufu, ile nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, wala ya kurasa wala ya jalada, na hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko yote ya kiufundi.

Uhariri haukufanyika. Makosa ya tahajia yaliyokuwa kwenye mswada yalikuwepo yote. Kilichoguswa ni mazungumzo: wazee wa kambini aliowaandika wakisema Kimtang'ata walisafishwa, sasa wanaongea kama watangazaji wa redio. Kwa hiyo mhariri, kama alikuwepo, aliacha yaliyokosewa akafuta yaliyo hai. Mswada unaotaka uhakika wa lugha unaweza kupelekwa BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, upatiwe ithibati ya lugha, nao huko wana watu wanaojua tofauti ya kosa na lahaja.

Gundi ilikuwa hafifu. Nakala aliyompa kaka yake ilianza kuachia kurasa wiki ile ile. Kitabu cha kurasa nyingi kinachotarajiwa kusomwa na kuazimwa kinafaa kishonwe, au angalau kitiwe gundi nzuri na mgongo ukwanguliwe vizuri kabla. Haya huulizwa kwa mchapaji, na jibu huwekwa kwenye maandishi pamoja na uzito wa karatasi.

"Usambazaji nchi nzima" ulikuwa ukurasa kwenye mtandao wa kampuni na nakala tano katika duka moja la Dar es Salaam. Tanga, ambako kambi zile zilikuwa, ambako wasomaji wake wapo, hakukupelekwa hata moja.

Lile la kuingizwa mashuleni ndilo lililomvuta kuliko yote, kwa sababu alikuwa akiwaza wanafunzi. Shuleni hakuingii kitabu kwa ahadi ya wakala. Vitabu vya ziada hupelekwa Taasisi ya Elimu Tanzania, vikatathminiwa kwa mujibu wa mtaala, vikapata ithibati au visipate. Tangu Kamati ya EMAC, iliyokuwa ikiidhinisha vitabu vya shule, ivunjwe mwaka 2013, mlango ni huo. Hakuna kampuni inayoweza kuuza ithibati ambayo haijatolewa. Ukisikia ahadi ya namna hiyo, omba wakuonyeshe barua ya ithibati ya kitabu chochote walichokwisha kuchapisha, kisha mtafute mwandishi wa kitabu hicho umuulize.

Kumtafuta mwandishi aliyekutangulia ndiyo hatua ambayo Mwalimu anasema angeichukua kwanza. Tulipotafuta wawili waliokuwa wamechapisha na kampuni ile, wote walipatikana siku hiyo hiyo, na wote walikuwa na hadithi inayofanana na yake. Mmoja alisema alikuwa akingoja mtu amuulize.

Alivyotoka

Nilimshauri asianze na hasira mtandaoni. Alikuwa na karata moja nzuri: mkataba uliweka siku 90 za kumkabidhi nakala, na kampuni ilizivunja waziwazi. Alikwenda kwa msaidizi wa kisheria, hawa wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao hawamtozi mtu. Akasaidiwa kuandika barua fupi ya madai: mkataba umevunjwa, tarehe hizi hapa, namba ya malipo hii hapa, anataka mkataba usitishwe, haki zirudi kwake kwa maandishi, faili akabidhiwe, na nakala 200 zitolewe hesabu.

Hela haikurudi. Nalisema wazi ili anayesoma akiwa katika hali kama hiyo ajue aweke matumaini wapi. Alichopata, baada ya barua ya pili iliyotaja mahakama, ni karatasi ya kusitisha mkataba yenye saini ya pande zote mbili, inayomrudishia haki zote. Mwalimu alitaka kukataa mpaka arudishiwe milioni zake. Nilimsihi aichukue. Hela ile ilikuwa imeshatumika, na kila mwezi wa ugomvi ulikuwa mwezi wa kitabu kufungwa. Haki ya kukichapa upya ndiyo iliyokuwa na thamani. Faili alipewa la PDF tu, la kurasa 224, ambalo halina faida.

Baada ya hapo tulifanya tofauti. Kazi ziligawanywa kwa watu mbalimbali, kila mmoja na makubaliano yake ya ukurasa mmoja, kila mmoja akilipwa kazi ikionekana. Mhariri, ambaye safari hii hakuwa mimi kwa kuwa nilikwisha kuwa karibu mno na mswada, alilipwa 600,000. Usanifu wa kurasa 250,000, na sharti la kukabidhi faili la kufanyia kazi pamoja na PDF. Jalada 150,000, picha ya mkonge wenyewe, iliyopigwa na mpwa wake njiani kwenda Pongwe. Kurasa zilirudi 160, hesabu nzuri kwa mchapaji kwani inagawanyika kwa 16 bila karatasi kupotea. Mchapaji wa Dar es Salaam alitoza 5,500 kwa nakala, nakala 300, nusu baada ya Mwalimu kusaini prufu, nusu mzigo ukikaguliwa. ISBN mpya iliombwa kwa jina lake.

Jumla ikawa 2,650,000, sawa na shilingi 8,833 kwa nakala. Kwa bei ya zamani ya 12,000 bado angepoteza kila nakala inayopita dukani. Kwa hiyo akaweka 15,000: dukani inamrudia 9,750, mkononi inamrudia yote, na akiuza 177 kwa mkono wake gharama ya toleo hili imekwisha. Si utajiri. Zile milioni za mwanzo hazimo kwenye hesabu hii na hazitarudi kwa toleo moja. Lakini toleo lijalo halitakuwa na gharama ya mhariri wala msanifu, litakuwa na 5,500 za uchapaji tu, na hapo ndipo kitabu kinaanza kumlisha mwenyewe.

Kuna jambo lilitokea katikati ambalo nalieleza kwa wanaodhani wakishaumwa mara moja wamemaliza. Kitabu cha kwanza kilipoonekana Amazon, Mwalimu alianza kupokea ujumbe wa Kiingereza kutoka kwa watu waliojiita mawakala wa Marekani: wanataka kukipeleka kwenye maonyesho ya vitabu London, wanataka kukiuza kwa watengeneza filamu, kinachohitajika ni ada kidogo ya maandalizi. Mwandishi aliyekwisha kulipa mara moja hutafutwa tena, kwa sababu ameonyesha kwamba hulipa. Januari 2025 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kesi dhidi ya watu watatu wanaohusishwa na kampuni iitwayo PageTurner, Press and Media, wakituhumiwa kuwalaghai waandishi zaidi ya 800 jumla ya zaidi ya dola milioni 44, kwa ahadi za namna hiyo hiyo za filamu na wachapishaji wakubwa. Wengi wa waandishi hao walikuwa wazee. Mwalimu alinionyesha ujumbe mmoja akiwa amekwisha kuuliza ada ni kiasi gani. Tukaufuta pamoja.

Toleo la pili lipo sokoni sasa. Nakala zinauzwa kwenye duka moja la vifaa vya shule mjini, kwa Mwalimu mwenyewe, na kwenye mikutano ya wastaafu. Amepeleka nyingine maktaba ya mkoa, na maombi ya ithibati ya kitabu cha ziada anayaandaa mwenyewe, akijua kwamba anaweza kukataliwa. Zile nakala 200 za soko kampuni haijazitolea hesabu mpaka leo, na toleo lenye mananasi bado linaonekana kwenye ukurasa wao. Barua ya tatu imeandikwa, inadai kitu kimoja tu: liondolewe.